Mnara Usio na Mlango

Nilimwahidi baba yake kwamba binti hatarudi nyumbani na aibu iliyotokea mbele ya macho yangu. Maneno yenyewe yalikuwa hayo. Nayakumbuka kwa sababu niliyatafuta kabla ya kuyatamka, na kwa sababu baadaye nililazimika kuyarudia mbele ya mtu aliyekuwa ameyashika kuliko mimi.

Tulikuwa tumesimama kando ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba, hatua chache kutoka geti la shule ninayofundisha historia. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Huo ni wakati ambao familia nyingi za bondeni huhamia mashambani, na watoto huitwa kwenda kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Baba huyu, mkulima wa Mofu ambaye pia huvua, alikuwa amekuja kumchukua binti yake wa kidato cha tatu. Ofisini alikwishamaliza mazungumzo yake, nami nikamfuata hadi barabarani bila kutumwa na mtu. Nilimweleza kwamba mwanafunzi akikosa majuma sita katika kidato cha tatu hakosi majuma sita tu, anakosa mwaka. Nikamweleza pia kwamba binti yake alikuwa msemaji bora katika klabu yangu ya midahalo. Hilo la pili nililitia chumvi, kwa kuwa binti alikuwa hajasimama kuzungumza hata mara tatu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya kiti cha baiskeli.

"Mwalimu, kushindwa si neno," alisema. "Watu wanashindwa na wanaendelea kuishi. Mimi naogopa kitu kimoja tu. Mtoto anayezoea kusimama mbele za watu, siku moja atachekwa. Akichekwa yeye, imechekwa nyumba nzima."

Kisha akaniambia habari za dada yake anayeishi Uchindile, mbele ya Mlimba, anayefanya kazi ya kumwagilia miche kwenye mashamba ya miti, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimwomba binti huyo akaishi naye na kufanya kazi hiyo hiyo. Siku atakayorudi binti Mofu na aibu, alisema, siku hiyo hiyo atapanda gari la kwenda kwa shangazi, na shule itakuwa imekwisha. Hakuyasema hayo kwa hasira. Alinipa masharti, nami nikayapokea kwa ahadi niliyoitaja. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, akasema, "Haya," akaondoka peke yake.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana kosa langu lilitoka humo. Nimezaliwa na kukulia Ifakara mjini. Babu zangu walitoka upande wa Mahenge, lakini kwetu mchele ulitoka dukani, kwa kilo, ndani ya mfuko. Sijawahi kulala kwenye kibanda cha shamba. Chuoni nilisoma historia na ualimu, na kilichoniuma kuliko vyote katika masomo yale ni magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu: kwamba kwa miaka mingi walikuwapo wageni wenye elimu waliosema kuta zile haziwezi kuwa kazi ya Waafrika, na wakasadikiwa bila kuonyesha chochote. Nilimaliza chuo nikiwa na nadhiri moja. Darasani mwangu hakuna mtu atakayesadikiwa bila kuonyesha. Katika chumba tulichofanyia midahalo niliandika juu ya ubao, kwa rangi nyeupe: HAKUNA HOJA BILA USHAHIDI. Niliwafundisha wanafunzi kwamba msemaji akitoa dai tupu, wagonge madawati na kudai ushahidi. Walilipenda zoezi hilo kupita nilivyotarajia.

Baba alitimiza upande wake. Binti alibaki shuleni msimu wote, akiishi na wenzake wawili katika chumba cha kupanga karibu na shule. Kisha mto ukapanda. Mwaka ule maji yalikaa juu ya mashamba ya Mofu muda mrefu kuliko mpunga unavyoweza kuvumilia, na watu wengi walivuna viroba vichache kutoka kwenye sehemu za mwinuko. Nilipomuuliza binti kuhusu kwao, alisema wanaendelea vizuri, nikaridhika na jibu hilo.

Mdahalo ninaoukumbuka ulifanyika Ijumaa moja baada ya mavuno, saa tisa alasiri. Mada niliiandika mwenyewe: kuta na mnara wa Zimbabwe Kuu vilijengwa kwa ajili ya ulinzi. Ilikuwa vigumu kuwafanya wanafunzi wangu wayaone mawe. Bondeni kwetu mtu hujenga kwa udongo au kwa tofali la kuchoma. Jiwe la kweli lazima ulifuate chini ya milima, au ulisubiri lije na lori la barabara. Kitabu chetu kina picha moja tu, yenye ukubwa wa kiberiti, na nakala niliyoitoa kwa mashine ilikuwa nyeusi zaidi. Inaonyesha ukuta mrefu uliopinda, na ndani yake mnara wa mviringo, mpana chini na mwembamba juu. Siku ya kwanza nilipoizungusha darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watu wenye akili ya kujenga ukuta ule waliacha kichuguu katikati ya ua.

Upande wa kuunga mkono uliongozwa na kijana ambaye wenzake walimwita Wakili, naye hakukataa. Alitoka Mofu pia, jirani kabisa na binti. Alizungumza vizuri. Alisema hakuna mtu anayebeba mawe yote yale kwa ajili ya urembo. Mtu hubeba mzigo mkubwa namna hiyo kwa sababu anaogopa. Mnara, alisema, ulikuwa wa mlinzi wa kutazama adui akiwa mbali.

Binti alisimama upande wa kupinga. Alianza kwa sauti ndogo, kama kawaida yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kitabu kinasema mnara ule hauna mlango wala ngazi, na ndani ni mawe matupu mpaka katikati. Namuuliza msemaji aliyenitangulia, mlinzi wake alipandaje?"

"Kama nyani," alijibu Wakili bila kusimama, na chumba kikacheka.

Hakuyumba. Aliinua nakala ya picha na kuomba watu waitazame upya, si kama kichuguu na si kama mnara. Aliuliza ni kitu gani nyumbani kwao chenye umbo hilo: duara, mpana chini, kikiinuka kinabana. Watu wa mashambani walilipata jibu kabla yangu. Kihenge. Ghala la mpunga, lile la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo.

"Kihenge cha mawe," alisema Wakili. "Na mpunga ungeingilia wapi, mheshimiwa?"

"Usingeingia. Kihenge si lazima kiwe na kitu. Kinaweza kujengwa ili kionekane tu."

Madawati yakaanza. Ushahidi, ushahidi, ushahidi, kwa mdundo niliowafundisha mimi. Binti alisubiri kelele zipungue, hazikupungua. Nilikuwa nimeketi kando, si mwenyekiti wala msemaji, na sheria za mdahalo hazikunidai chochote. Lakini nilikuwa nimefurahi. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikisubiri mwanafunzi atakayeyatazama mawe yale kwa macho yake mwenyewe, na huyu hapa. Niliinua mkono, chumba kikanyamaza, nikamuuliza ameona wapi kihenge cha namna hiyo.

Alinitazama. "Mwalimu, naomba niende kwenye hoja inayofuata."

Huo ulikuwa mlango wazi kabisa, na mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amenishikia. Nikajibu kwa sentensi niliyokuwa nimeizoea: hoja isiyo na ushahidi tunaifuta.

Mtunza muda alitazama saa yake mara mbili. Kisha binti akasema, "Nyumbani kwetu."

Hapa msomaji anahitaji kujua jambo ambalo nusu ya chumba ilikuwa inalijua na mimi sikulijua. Baba yake ni mwenyekiti wa jumuiya, mojawapo ya yale makundi madogo ya Wakatoliki jirani wanaosali pamoja kila Jumamosi. Baada ya mafuriko, jumuiya zilitakiwa kupeleka parokiani majina ya nyumba zisizo na chakula, ili zisaidiwe. Majina yalitakiwa yawe machache. Baba aliyaandika yeye, akazunguka nyumba kwa nyumba, na nyumba yake mwenyewe hakuiandika. Walipomuuliza, aliwaonyesha kihenge chake uani, mlango umezibwa kwa udongo kama inavyofanywa kikiwa kimejaa.

Wakili alisimama safari hii. Hakuwa anatania. "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti. Kihenge cha kwao kimejaa. Baba yake mwenyewe alisema kwenye jumuiya, mama yangu alikuwepo."

"Kimejaa pumba," alisema binti.

Hakuna aliyegonga dawati.

"Nilizibeba mimi na bibi kutoka mashineni. Bibi alisema kitupu kikigongwa kinalia, lakini kikijazwa pumba kinanyamaza. Tukaziba mlango. Alisema wadogo zangu wakiamka wakakiona kimefungwa, hawatauliza."

Najua nilichofanya baada ya hapo, na nimejaribu mara nyingi kukieleza kwa namna ambayo ingenipunguzia. Nilisema kwa sauti, "Huo ndio ushahidi." Nilienda ubaoni. Chini ya maneno yangu meupe niliandika kwa chaki: kihenge cha pumba, Mofu, mwaka huu. Nilikuwa nimewapa mgongo nilipokisikia kicheko. Kilianzia dirishani, mtu mmoja, kisha watatu, kisha upande mzima. Nilipogeuka, binti alikuwa akikunja ile nakala ya picha mara mbili, mara nne, mara nane, na Wakili hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama mimi. Mtunza muda akagonga kengele. Mwenyekiti akasema muda wa msemaji umekwisha, na binti akaketi.

Niliifuta ile chaki kwa kiganja cha mkono baada ya watu kutoka. Haikusaidia kitu.

Jumamosi asubuhi wenzake wa chumbani walikuja kunieleza kwamba ameondoka alfajiri na hakusema lini atarudi. Nilipaswa kwenda siku hiyo hiyo. Badala yake nilisahihisha madaftari ya vidato viwili, nikiyapanga vizuri kuliko yanavyohitaji kupangwa. Jumapili baada ya misa nilikodi bodaboda hadi Mofu.

Uani kwao sikuhitaji kuelezwa. Kihenge kilikuwa kimepasuliwa ubavuni kutoka juu hadi chini, fito zimechomoza, na pumba zimemwagika mpaka karibu na jiko. Kuku walikuwa wamepanda juu yake wakiparua bila kupata kitu. Kwenye ukuta wa nyumba vilipangwa vyombo ambavyo havikuwa vya nyumba moja: ndoo, sufuria lenye kifuniko, debe, viroba viwili, beseni la plastiki lililofunikwa kwa kanga. Vyote vilikuwa na mchele au mpunga. Baba alikuwa ameketi kwenye gogo akivitazama, na kando ya mlango palikuwa na mkoba wa nguo, umefungwa. Binti sikumwona, ila nilisikia mtu akiosha vyombo nyuma ya nyumba, taratibu sana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hakuniambia niketi. Bibi, mama mzazi wa baba, alitoka akaniwekea kigoda, akarudi ndani bila kunitazama. Baba alinisimulia yaliyotokea kana kwamba yalimtokea mtu mwingine. Wakili alimpigia mama yake simu Ijumaa jioni. Hakupiga kwa ubaya. Alimwambia tu kwamba kwa mwenyekiti hakuna chakula. Jumamosi jumuiya ilisali hapo hapo uani. Ulipofika wakati wa maombi ya waamini, yule mama alisimama na kuiombea nyumba ya mwenyekiti wetu ambayo ina njaa na haikusema. Watu wote wakaitikia, Ee Bwana twakuomba utusikie. Na yeye, kwa kuwa ndiye kiongozi wa sala, ilimpasa kuitikia nao.

Sala ilipokwisha walikwenda makwao na kurudi na vile vyombo. Ndipo alipochukua panga akakipasua kihenge mbele yao, ili asibaki mtu wa kushangaa.

"Walicheka?" niliuliza, na swali likasikika vibaya masikioni mwangu hata kabla halijatoka lote.

"Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya." Alinyoosha mguu, akasogeza pumba kwa kidole gumba. "Uliniahidi nini, mwalimu?"

Niliyarudia maneno yangu yote, kama yalivyo. Nikasema kwamba nimeyavunja, na kwamba kicheko kile nilikisababisha mimi kwa kumlazimisha kujibu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, kuhusu elimu na thamani ya kusema kweli. Nilipoziona zile ndoo sikuyasema.

"Alisema nini kuhusu hayo mawe? Huku wamenieleza ya kihenge tu. Mawe yaliingiaje?"

Nilianza kumweleza. Mnara uliojaa mawe, usio na mlango, umbo lake. Nilifika mahali binti aliposema kihenge kinaweza kujengwa ili kionekane, nikakwama.

"Halafu?"

"Halafu kengele ikagongwa."

"Hakumaliza?"

"Hakumaliza."

Baba alicheka kidogo puani, kicheko kisicho na furaha. Vyombo nyuma ya nyumba vilikuwa vimeacha kugongana.

"Yaani mimi nimepasuliwa kihenge kwa maneno nusu." Akautazama ule mkoba. "Gari la Mlimba lipo kila siku, halitamkimbia. Ijumaa mrudishe pale aliposimama, amalize. Nitakuja kusikia kilichofanya nyumba yangu itajwe. Mkoba nitakuja nao."

Sikulala vizuri juma lile, na sidhani inafaa kulielezea. Binti alirudi Jumatatu akakaa darasani kama mtu aliye safarini, vitu vyake vyote vikiwa juu ya dawati. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya darasa. Alisema, "Sawa, mwalimu." Nilitaka kumuuliza kama amejiandaa kwa Ijumaa, nikajizuia.

Baba aliwasili kabla ya saa tisa. Aliegemeza baiskeli nje ya dirisha, ambapo kila mtu aliuona mkoba umefungwa kwa mpira kwenye kibebeo, akaingia na kuketi benchi la nyuma, kofia juu ya goti. Wanafunzi walimwamkia kwa pamoja, naye akaitikia. Watu wa dirishani wa juma lililopita walikuwa wameketi mbali na dirisha. Mwenyekiti alitangaza, kwa sauti iliyokauka, kwamba msemaji aliyekatizwa amerudishiwa dakika zake.

Binti alisimama akiwa na ile nakala. Ilikuwa bado na mikunjo yote.

Alisema hataki kurudia ya kihenge cha kwao kwa kuwa yamesikika. Alisema watu wote wanaoueleza mnara ule huuliza ulimfaa nini mfalme, na yeye anataka kuuliza ulimfaa nini mtu aliyelala nje ya ukuta na watoto wake. Mtu huyo, mvua zikikosea, anaamka na kutazama alikoweka matumaini yake. Sikumbuki kila neno, ila mwisho wake niliuandika siku ile ile.

"Sidhani mfalme alitaka kuwadanganya. Nadhani aliogopa ile asubuhi ambayo watu wake wataamka na kuuliza. Anayejenga kihenge cha pumba anajua peke yake kilichomo, na hicho ndicho kinachomchosha. Aliyejenga kwa mawe labda alitaka kisiweze kupasuliwa kwa panga."

Nilimsikia baba akikohoa nyuma yangu. Sikugeuka.

Wakili aliomba kutoa taarifa. Nilitamani anyamaze, kisha nikaona aibu kwa kutamani hivyo. Aliongea kwa adabu ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Mheshimiwa mwenyekiti, picha inaonyesha mnara upo ndani ya ukuta, na ukuta wenyewe ni mrefu. Kama ulijengwa ili watu wa nje watulie, watu wa nje waliuonaje?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa swali ambalo mimi, pamoja na maandishi yangu meupe, sikuwa nimeliwaza. Mikono ya wanafunzi ilikuwa juu ya madawati na hakuna aliyegonga.

Binti aliitazama picha. "Sijui," alisema. Akafikiri tena. "Chetu kilikuwa uani. Mtu wa barabarani aliona paa lake tu, na lilimtosha. Kama ncha ya mnara ilionekana kutoka nje, nadhani niko sahihi. Kama haikuonekana, nimekosea."

Aliketi kabla ya kengele.

Zilipopigwa kura upande wake ulishindwa. Ulinzi ulipata kura saba zaidi. Mwenyekiti alitangaza matokeo, watu wakapiga makofi kwa kiasi, na chumba kikabaki kimekaa, kwa sababu baba alikuwa ameketi bado na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupita mbele yake.

Alisimama, akavaa kofia, akatoka. Tulimfuata kwa macho dirishani hadi kwenye baiskeli. Nami nikatoka, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusimama pale. Binti alikuja nyuma yangu.

"Ameshindwa," nilimwambia baba.

"Nimeona. Kushindwa si neno."

Alianza kuufungua ule mpira. Ulikuwa umekazwa, na ilimchukua muda, na kwa muda huo wote sikujua anaufungua au anauweka sawa kwa safari. Kisha mkoba ukatoka. Hakunipa mimi. Alimpa binti yake, mikono yote miwili, kama mtu anayekabidhi kitu kizito.

"Chini kuna mchele wa watu," alimwambia. "Usile peke yako, ule na wenzako wa chumbani. Na yule mtoto wa jirani mpelekee bakuli."

Binti alipokea akiwa amepiga goti kidogo. Baba akageuza baiskeli. Aliniambia tubaki salama, nami nikamwambia afike salama, na hapo tukaachana. Tangu siku ile tukikutana tunaamkiana vizuri. Bado hajaniambia niketi, na sioni kwamba ananidai radhi nyingine. Nadhani anasubiri aone nitafanya nini na mtoto wa mtu mwingine.

Nimepaka rangi juu ya yale maandishi. Bado tunadai ushahidi, na sijaacha kuamini kwamba lazima udaiwe. Lakini sasa msemaji akiomba kupita, tunampisha, na zamu yake haimaliziki mpaka aseme mwenyewe kwamba amemaliza. Binti yuko kidato cha nne. Ile nakala yenye mikunjo ameibandika ndani ya jalada la daftari lake la historia, na chini ya picha ameandika swali la Wakili kwa kalamu nyekundu, bila jibu. Nimetafuta jibu katika vitabu nilivyo navyo, na vilivyo Ifakara, sikulipata. Vinasema mnara una upana gani na nani alidhani ni wa nini. Havisemi unaonekana kutoka wapi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako unayesoma. Kama umewahi kufika Zimbabwe Kuu, au utafika, tafadhali toka nje ya ukuta mkubwa, nenda mpaka mahali wanapokuambia kwamba watu wa kawaida walijenga vibanda vyao, usimame hapo, utazame. Uone kama ncha ya mnara inaonekana. Kisha uandike ulichokiona, kiwe ndiyo au hapana, ukichapishe mahali ambapo shule kama yetu inaweza kukisoma.